Mimi ndiye konda

Kila tunaposimama, lazima atokee mtu wa kumuuliza shemeji yangu: "Sasa huyu mwenzako unamwambiaje mambo?" Anaulizwa yeye, ilhali mimi niko palepale nyuma yake, nimekalia siti ya pili, mikono kwenye usukani usiokata kona. Shem hunisimulia baadaye kwa kuniandikia kiganjani, tunacheka, tunaondoka. Ila katika miaka mitatu ya kunyonga baiskeli ya watu wawili kati ya Moshi na kiwanda cha sukari cha TPC, hajatokea hata mmoja wa kuuliza upande wa pili wa swali hilo: mimi namwambiaje yeye.

Ngoja kwanza nijieleze. Mimi ni kiziwiasiyeona. Huandikwa neno moja, na nalipenda hivyo, kwa sababu si uziwi uliobebeshwa juu ya upofu kama gunia juu ya gunia. Asiyeona huegemea masikio, kiziwi huegemea macho. Mimi nikitaka kuegemea ukuta mmoja nakuta umebomoka, nikigeukia wa pili nao una nyufa. Kuta zangu hazijaanguka zote lakini. Nikivaa shimesikio zote mbili, vile vifaa vya kukuza sauti, chumbani, mtu mmoja, umbali wa meta moja, tunaelewana vizuri tu. Na mchana naona kupitia tundu dogo katikati, kama anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Makala hii naiandika kwa simu, herufi nyeupe kubwa juu ya weusi, maneno matatu au manne kwa skrini.

Kinachonisibu kinaitwa sindromu ya Usher, aina ya 2. Charles Usher alikuwa daktari wa macho wa Uskoti aliyeandika juu ya familia za namna hii mwaka 1914. Mtu anazaliwa na usikivu pungufu, halafu ujanani retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, inaanza kufa kutoka pembezoni kwenda katikati, na giza ndilo linalotangulia kumsaliti. Mimi nilijua nina tatizo nikiwa kidato cha kwanza, sikujua jina lake. Jua likizama na mimi nazama: mitaroni, kwenye ng'ombe waliolala njiani, mara moja kwenye sufuria ya mbege ya msiba wa watu. Baba na mama wote waliona na kusikia vizuri hadi uzeeni. Kila mmoja alibeba nakala moja ya jeni mbovu bila kujua, na wakikutana wawili wa hivyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzipata zote mbili. Nilikuwa mwalimu wa hisabati shule ya msingi, kwa hiyo niruhusuni: sisi tumezaliwa sita, robo ya sita ni moja na nusu. Tuliopata ni wawili, mimi na kitinda mimba. Ile nusu ya ziada tumegawana.

Wenye aina ya 1 huzaliwa viziwi kabisa na mara nyingi hata mizani ya mwili iliyo ndani ya sikio haifanyi kazi, mtoto anachelewa kutembea. Sisi wa aina ya 2 mizani tumeachiwa. Ndiyo maana nikipanda baiskeli, hata nikifumba macho, najua imelalia upande gani. Kumbukeni hilo, litarudi.

Wazo la baiskeli nililipata kwa Douglas Sidialo wa Kenya, yule aliyepofushwa na bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ileile lilipolipuka la Dar es Salaam. Sidialo ameshapanda Kilimanjaro hadi kileleni na amenyonga baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town. Mimi naishi chini ya huo mlima na nilikuwa naogopa kwenda dukani. Nikamwambia Shem. Shem ni Mpare wa Same, amemuoa dada yangu, na ninyi mnaojua utani wa Wachaga na Wapare mnajua alivyojibu: kwamba Mchaga akikosa mtu wa kumbeba bure anatunga mpaka baiskeli. Wiki mbili baadaye alikuja na fremu mbili kuukuu za Phoenix.

Fundi wa kuchomelea alizikata na kuziunga. Haina gia, breki ni zile za fimbo, ndefu kama mkokoteni. Ina minyororo miwili: wa kwanza unaunganisha pedeli za mbele na za nyuma, wa pili unatoka kwangu kwenda gurudumu la nyuma. Maana yake miguu yangu na ya Shem imefungwa pamoja. Akizungusha, nazungusha. Akisimamisha, nasimama, nikitaka nisitake. Usukani wangu haugeuki, umefungwa kwenye mlingoti wa siti yake, kwa hiyo vidole gumba vyangu viko karibu kabisa na nyonga zake. Siku ya kwanza jambo hilo lilitutia aibu sisi wote wawili. Sasa ndilo linalotuokoa.

Sidialo, pamoja na yote, ana masikio. Dereva wake anaweza kumwambia "tuta", akasikia tuta. Maelekezo yote niliyoyapata kuhusu baiskeli za namna hii yalikuwa ya kusema: dereva aseme kila kitu, aseme mapema, aseme kwa sauti. Sawa. Tukaanza kwa kusema.

Mdomo wa dereva unatazama mbele, Langasani tunakokwenda, na masikio yangu yapo mgongoni kwake. Sauti nzito huweza kuzunguka kichwa zikarudi nyuma, ila nyembamba, zile za s na f na sh, hukimbilia mbele na hazigeuki, na hizo ndizo ambazo hata sebuleni nazipata kwa shida. Juu ya hapo kuna upepo. Maikrofoni ya shimesikio iko juu ya sikio, na upepo ukiipiga haijui kwamba ni upepo, inaukuza kama inavyokuza maneno. Baiskeli ikishika mwendo, nilichokuwa nasikia ni mashine ya kukoboa mahindi iliyowekwa ndani ya kichwa. Upepo ulikula irabu. Kwa hiyo sebuleni nanyimwa konsonanti na barabarani nanyimwa irabu. Kilichobaki ni mapigo ya neno tu.

Tulijaribu bomba. Msicheke. Shem alinunua bomba laini la plastiki, lile la maji, meta moja na nusu, akafunga faneli ndogo mwisho wa mbele. Yeye anasemea kwenye faneli iliyoning'inia kifuani, mimi nachomeka upande wa pili sikioni. Kwanza, huwezi kuvaa bomba na shimesikio kwa wakati mmoja. Pili, nilichosikia ni Shem akihema, kama niko chumba kimoja na fahali. Tatu, watu wa Pasua walidhani anakunywa pombe barabarani kwa mrija. Tukajaribu simu mbili na vifaa vya masikioni. Mtandao ukikata katikati ya bonde la mpunga, mnabaki mnapiga kelele "haloo, haloo" huku mmepakatana.

Halafu ikaja siku ya punda.

Tulikuwa Mabogini, pale kwenye mashamba ya mpunga, yale ya mradi uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Mifereji inapita kando ya barabara, maji ya kijani yametulia. Mkokoteni wa punda ukachomoza kutoka njia ya shambani. Shem akapaza sauti: "Punda!" Mimi nikasikia "Panda!" Sasa, panda ndilo neno tulilokubaliana kwa mlima: maana yake weka nguvu zote. Nikaweka. Miguu ya mwalimu mstaafu aliyetoka kunywa uji wa ulezi vikombe viwili. Yeye anakamata breki, anajaribu kuzuia pedeli, mimi nasukuma kama nalipwa. Miguu yetu ilipigana kwenye mnyororo mmoja kwa sekunde kama mbili, na mimi nikashinda. Tuliingia mferejini kwa heshima zote. Punda, kwa maelezo ya mwenye mkokoteni, hakugeuza hata shingo.

Shimesikio ya kulia ilikaa siku nne kwenye chupa ya kahawa yenye vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ilifufuka. Ya kushoto haikufufuka vizuri hadi leo.

Baada ya hapo Shem akaamua kuacha maneno, aniguse. Wazo zuri, utekelezaji mbaya: ili dereva aguse mtu wa nyuma, lazima aachie usukani mkono mmoja. Baiskeli yenye urefu huo, uzito wa wanaume wawili, mkono mmoja, ikigusa mchanga wa pembeni haikusamehe. Tulianguka mara mbili ndani ya wiki moja. Dada yangu akatamka kwamba baiskeli itauzwa chuma chakavu.

Tulilifikiria jambo hili miezi, na sote tulikuwa tunafikiri shida ni masikio yangu. Nilikuja kugundua vingine nikiwa ndani ya daladala. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kiganja kimeegemea bati, shimesikio nimezima kwa sababu ya muziki. Nikahisi bati linagongwa: mara mbili. Gari likaondoka. Mbele kidogo, mara moja. Gari likasimama. Nilipanda daladala miaka yote ya maisha yangu na sikuwahi kulitafakari. Dereva hamtazami konda, hamjibu kwa mdomo, hana nafasi. Mikono yake iko kwenye usukani na macho yako barabarani. Anayeongea ni konda, na anaongea kwa kugonga. Dereva anamjibu kwa gari lenyewe: linasogea, linapunguza, linasimama.

Shida haikuwa masikio yangu. Shida ilikuwa mikono yake. Mimi mikono yangu ilikuwa haina kazi yoyote, nimeshikilia chuma kisichogeuka, nasubiri kuambiwa. Mwenye mikono mitupu ndiye aliyekuwa kimya.

Siku ile nilifika nyumbani nikamwandikia Shem ujumbe: wewe dereva, mimi konda. Lugha yote tunayoitumia leo ilizaliwa hapo.

Shem anaongea kwa miguu na nyonga. Akiacha kuzungusha na kuzilaza pedeli sawa na ardhi, mbele kuna tuta au shimo. Nainuka kidogo kwenye siti. Akirudisha pedeli nyuma robo mzunguko, anapunguza mwendo. Akirudisha mara mbili haraka, tunasimama kabisa, na mguu unaoshuka ni wa kushoto daima, upande wa nje, mbali na malori. Akitaka nguvu anakandamiza mara tatu mfululizo, ndiyo "panda" ya sasa. Kona nazihisi kwa mwili, kwa ile mizani niliyoachiwa, na kwa jua: asubuhi tukienda kusini jua liko shavu la kushoto, likihamia usoni najua tumekata mashariki. Ila kona zina kazi nyingine. Mtu wa nyuma ndiye mwenye mkono huru wa kuwaonyesha wenye magari tunakoelekea. Kwa hiyo Shem hutikisa nyonga, mara mbili upande tunaokata. Gumba langu linahisi, natoa mkono upande huo. Anayetuona kwa nyuma anaona mzee mzima anakata mauno juu ya baiskeli kisha mwenzake ananyoosha mkono. Kuna mama mmoja anauza miwa ambaye, naambiwa, hutusubiri kwa ajili hiyo.

Mnyororo wa mbele ndio waya wetu wa simu, na nao una tabia zake. Ukilegea, lugha inalegea. Dereva anaanza kukandamiza, mnyororo unakula ule ulegevu kwanza, ndipo ninapata habari, nimechelewa nusu sekunde. Inakuwa kama kuongea na mwenye kigugumizi. Fundi alifunga kigurudumu kidogo cha kuubana kwa chini, kimetoka kwenye pikipiki. Mimi ndiye ninayeupima kila asubuhi kwa vidole kabla hatujatoka. Shem hupima upepo wa matairi. Mgawanyo huo hatukuupanga.

Mimi naongea kwa mikono, mgongoni kwake. Pigo moja: simama. Mawili: twende, au sawa. Kiganja kilicholala na kusuguliwa taratibu: nina hofu, punguza. Duara: kifaa kimoja kimekufa, usihangaike kuniita. Siku hizi lakini shimesikio nazivua kabisa na kuziweka kwenye kile kichupa, kifuani, maana upepo na jasho ni adui zake, na vile vibetri vidogo vinavyotumia hewa, ukishabandua karatasi yake vimeanza kufa hata usipovitumia. Kwa nini vife kwa ajili ya kelele? Halafu kuna herufi. Nachora kwa kidole herufi kubwa kati ya mabega: M ni maji, K ni nataka kukojoa (samahanini, ndiyo hali halisi). Na kuna alama ya kuuliza. Hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu, kwa sababu swali linataka jibu, na miguu inaweza kujibu: mikandamizo miwili mifupi ni ndiyo, kushikilia pedeli kidogo ni hapana. Nikinusa moshi nachora M, O, S, kisha alama ya kuuliza. Ndiyo. Wanachoma miwa, msimu wa kuvuna umeanza. Nikinusa ule utamu mzito wa molasi, najua kiwanda kimekaribia, sihitaji kuuliza, lakini nauliza tu ili tuzungumze.

Hapo kwenye "ili tuzungumze" nataka kukaa kidogo. Mwanzoni, baada ya lugha mpya, niligusa mgongo wa Shem pale tu palipokuwa na haja. Siku moja kivulini, njia ya kurudi, akaniandikia kiganjani: USPNGSA NBEBA GUNIA. Usiponigusa, nabeba gunia. Nilikasirika. Kisha nikaelewa. Yeye anaona barabara yote, analaza pedeli, anatikisa nyonga, anafanya vituko vyote hivyo mbele za watu, na nyuma yake kimya. Hajui kama nimeipata, kama nimefurahi, kama nimesinzia. Mtu anayesikia husema "enhe", "eti", "kumbe", hucheka, na msimulizi anajua hasimulii ukuta. Mimi sikuwa na "enhe".

Baadaye nilikuja kusoma kwamba viziwiwasioona wa Seattle, Marekani, wamejenga mawasiliano yao ya mguso juu ya jambo hilohilo: anayesikiliza humgonga msemaji pajani au gotini muda wote mwenzake anapoongea, kumwambia yupo, anafuata, anacheka. Na Finland kuna mtafiti, Riitta Lahtinen, ambaye ameshughulika miaka mingi na alama za kuchora mgongoni na begani. Nilisoma usiku wa manane na kumwamsha mke wangu. Sisi tuliifikia kwa njia ya mfereji na punda, lakini tuliifikia.

Sasa mkono wangu wa kushoto hautulii. "Enhe" ni kidole kimoja, mara kwa mara. Kicheko ni vidole vitano vikitekenya chini ya bega. Tuta likipita salama namgonga mara mbili. Shem anasema, na yeye ni Mpare hatoi sifa bure, kwamba siku hizi akiendesha peke yake mgongo unamuwasha.

Salamu zilitupa taabu nyingine. Kwetu mtu akikupita bila kukusalimia ni kosa, na mimi kosa hilo nimelifanya tangu ujana bila kujua: watu wananisalimia kwa pembeni, tundu langu haliwafikii, masikio hayawapati, napita. Niliitwa mwenye maringo, wengine walisema nimerogwa, na sijui lipi liliniuma zaidi. Kwenye baiskeli, barabara nzima inatusalimia, watoto hasa. Tukaongeza alama: Shem akiinua makalio kidogo na kukaa, kuna salamu, nainua mkono. Tatizo, mashimo madogo nayo humuinua makalio. Nimeshawapungia mkono ng'ombe wa Wamaasai zaidi ya mara moja, na nguzo ya umeme, na lori lililoharibika. Bora kuzidisha. Fimbo yangu nimeizungushia utepe mwekundu, maana nyeupe yenye mistari myekundu ndiyo alama ya asiyeona wala kusikia, ingawa hapa Moshi wengi hudhani ni pambo la Simba.

Yako mambo ambayo hatujayaweza. Mvua ikinyesha mgongo unalowa na shati linateleza, herufi zinageuka utelezi mtupu. Akivaa koti zito ndiyo basi kabisa. Na Shem hawezi kunieleza anachokiona tukiwa mwendoni. Miguu haina maneno ya "mlima umefunguka wote, theluji inang'aa". Hilo linasubiri kivuli. Tuna mkwaju wetu, karibu na nusu ya njia ya kurudi, tunashuka, ananishika mkono na kuandika yote aliyoyaweka akiba. Kiswahili kiganjani ni kirefu mno. Andika "wanatuangalia" herufi moja moja uone. Kwa hiyo tunavua viambishi, tunatupa irabu, tunabaki na mifupa: NGL ni wanaangalia, MLM ni mlima, MTT ni mtoto. Ukizoea, unasoma haraka kuliko unavyodhani. Mara chache tu ndipo mifupa hiyo hufanana.

Jumamosi iliyopita tulisimama pale mkwajuni. Jua lilikuwa shavu la kulia, joto limeanza, na kutoka hapo kurudi mjini barabara inainuka pole pole hadi nyumbani. Nilikuwa na kipande cha muwa mkononi. Shem akaniandikia kiganjani: PND MBL.

Panda, mbele. Najua, nikamjibu kwa mdomo, miaka mitatu napita hapa, ngoja nimalize muwa wangu. Akaandika tena, haraka haraka, PND. Nikamwambia nimekusikia, Mpare wewe, mlima haukimbii. Nikahisi anatetemeka, mkono wake wote, na vidole vyake vikaanza kunitekenya chini ya bega ile alama yangu ya kicheko.

Kisha kitu chenye joto, chenye manyoya na pua laini iliyolowa, kikanisukuma kiwiko na kuuchukua ule muwa.